Kikohozi Mara Mbili Mlangoni

Iyunga, Mbeya

Sijui nikuiteje. Nimekaa hapa mezani tangu saa nne asubuhi, chai imeshapoa, na bado nimekwama kwenye mstari wa kwanza. Jina lako silitaji. Hilo nilifundishwa wiki ile ile niliyoolewa kwenu, na hata leo, wewe ukiwa chini ya udongo na mimi nina kalamu tu mkononi, vidole vinagoma. "Baba" sijawahi kukuita. "Baba mkwe" naona kama naandikia ofisi ya ardhi. Basi tuliache hilo kwanza. Ni mimi, Yustina, mke wa Ambakisye, yule Mhehe wa Idodi. Mama Tumpe. Yule wa stoo.

Najua huko uliko umeshtuka: mkwe anasema! Ndiyo, nasema. Miaka saba nimekuwa mke wa mwanao na hatujawahi kubadilishana neno hata moja, si kwa ugomvi, bali kwa heshima. Kwenu Unyakyusani mke wa mtoto hamsemeshi baba wa mume, hamtazami usoni, na akimsikia anakuja anapisha njia. Kwetu Uheheni tuna heshima zetu, lakini hiyo jamani ilinishinda akili. Ambakisye alinicheka. "Mambo ya zamani hayo, achana nayo," alisema. Dada yake, wifi yangu Sekela, hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia, "Wewe achana nayo uone. Mzee atahamia kula kwangu, na mimi wanangu wanatosha." Nikashika adabu.

Tulipokuwa Ujerumani haikuwa shida. Wewe ulikuwa mbali, na salamu zilipitia kwa Ambakisye. Shida ilianza mwaka jana, alipoomba ruhusa ya mwaka mmoja kazini kwake tuje tukuuguze, tukapanga nyumba hii ya Iyunga ili uwe karibu na hospitali. Ulipewa chumba cha uani. Sasa, njia ya kutoka uani kuja sebuleni inapita jikoni kwangu, hakuna nyingine. Sijui fundi aliyeijenga nyumba hii alikuwa na kisa gani na wakwe.

Kila siku, mara mbili kwa siku, nasikia buti zako kwenye saruji. Halafu kimya kidogo pale kona ya tangi la maji. Halafu: kho, kho. Mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kifua. Hukuwahi kukohoa mara tatu. Hapo naacha mwiko ndani ya sufuria, najitosa stoo, navuta mlango, nasimama kati ya gunia la mchele wa Kyela na ndoo ya mafuta mpaka buti zipite. Siku nyingine vitunguu viliungua. Ulikula mchuzi wenye vitunguu vilivyoungua na hukulalamika, au kama ulilalamika hawakuniambia.

Miezi tisa tuliishi hivyo. Mimi nilisomea kazi ya maabara, na mtu wa maabara asipojua kitu anawashwa mwili mzima. Nikawa nakusoma kwa vitu unavyoacha. Sahani ilirudi na miiba ya samaki imepangwa pembeni, mikubwa kwa mikubwa, midogo kwa midogo. Karoti uliziacha zote. Nikaacha kuziweka, na kesho yake Sekela akaja kuniambia umeuliza mbona mchuzi umebadilika. Mh! Nikazirudisha, ukaendelea kuziacha. Mpaka leo najiuliza ulikuwa unazitakia nini.

Lakini si karoti zilizonikalisha hapa. Ni Tumpe.

Unakumbuka tulivyofika naye? Hajatimiza miaka miwili, ana maneno kama kumi, nusu Kiswahili changu, nusu Kijerumani cha shule ya watoto kule. Mwezi wa kwanza hapa maneno yakapungua. Mwezi wa pili yakaisha kabisa, kama bomba lililofungwa mtaani. Akitaka maji anakuvuta kidole. Hataki, anatikisa kichwa. Analia, anacheka, ila neno hakuna. Kila mtu akawa na dawa yake. Mama muuza maziwa, Msafwa wa watu, alisema nimlishe ulimi wa mbuzi. Ambakisye akasema tusubiri. Mimi kusubiri sijui, nikambeba mtoto nikaenda kwa daktari.

Kwanza fomu. Nesi anauliza jina la mtoto, nasema Tumpe. La baba? Ambakisye. La tatu? Nikanyamaza. La tatu ni lako! Kule Ujerumani nililitaja kwenye kila dirisha la ofisi bila hata kufikiri, lakini hapa, wewe umelala nyumbani mtaa wa pili tu, ulimi ukagoma. Nesi akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Nadhani alisema moyoni, kumbe ububu wa mtoto ni wa kurithi. Mwisho nilimpa kadi ya kliniki aisome mwenyewe.

Daktari akauliza nyumbani tunaongea lugha ngapi. Nikahesabu kwa vidole. Baba yake Kijerumani, asije akakisahau kabla hatujarudi. Mimi Kiswahili. Shangazi yake Sekela Kinyakyusa, na babu yake pia. Mimi na baba yangu kwenye simu Kihehe. Mama wa maziwa Kisafwa. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, huyu mtoto mnamjengea mnara wa Babeli. Punguzeni."

Nikarudi nyumbani nina hasira, na hasira yangu unaijua, uliisikia kupitia ukutani. Nikachukua karatasi nikaandika kwa maka peni nyekundu: BABA KIJERUMANI. MAMA KISWAHILI. WENGINE WOTE KISWAHILI. Nikaibandika kwenye friji. Kihehe changu nikakizima, baba yangu Idodi akalalamika kwamba siku hizi namsemesha kama karani. Halafu nikamtuma Ambakisye kwako. Nilimwambia akwambie usimsemeshe mtoto Kinyakyusa, unamchanganya.

Ambakisye hakutaka kwenda. Alisimama pale mlangoni anakuna shingo. "Nikamwambie mzee asiongee lugha yake na mjukuu wake?" Nikamwambia ndiyo, au unataka mtoto asiyesema? Akaenda. Akarudi. Nikamuuliza umesema nini. "Amesema sawa."

Sawa. Basi.

Tangu siku hiyo sebule ilinyamaza. Zamani nilikuwa nasikia sauti yako ikivuma kule, unamsimulia sijui nini, na Tumpe anacheka mpaka anapaliwa. Baada ya hapo nikiweka sikio ukutani nasikia kiti tu kinalia. Nilidhani umenuna. Nikasema anune tu, mtoto kwanza. Kiswahili ulikijua vizuri, ungeweza kumsemesha hicho. Hukufanya hivyo. Sijui kama ni kiburi au ni kwamba mtu ana lugha ya kuongea na mjukuu na lugha ya kuongea na mwenyekiti wa kijiji, na huwezi kuzibadilisha. Ningependa kujua. Hili ningependa kulijua kuliko hata la karoti.

Siku moja tu, kitambo kabla hujazidiwa, nikiwa stoo, nilisikia kikohozi chako halafu nyuma yake kikohozi kidogo, chembamba. Nikasema kimoyomoyo, haya, mzee keshamwambukiza mtoto mafua.

Ulipofariki mvua za masika zilikuwa zimekolea. Tulikupeleka nyumbani Rungwe, ukalala pale nyuma ya migomba, juu ya shamba la chai. Kabla ya kufunga jeneza Sekela alinishika mkono akaniambia, "Sasa mwangalie." Ukiacha picha, ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wako wote. Una masikio ya Tumpe! Hakuna aliyeniambia. Nililia kuliko watoto wako wa kuzaa, watu wakanishangaa, na mimi mwenyewe nilijishangaa. Nilikuwa namlilia nani, mtu niliyemjua kwa buti?

Wiki moja baadaye Tumpe akaanza kukohoa.

Jamani, nilichanganyikiwa. Haongei, na sasa anakohoa! Ndimu na asali. Majani ya mkaratusi kwenye maji ya moto, tumejifunika shuka wote wawili. Dawa ya kikohozi ya kwanza, ya pili, ile ya tatu yenye ladha ya ndizi ambayo aliipenda mno, nikawa naificha. Daktari akapima kifua, akasema kisafi. Nikadai picha, ikapigwa, kisafi. Akaniambia, kwa upole tu, kwamba labda mama ndiye anahitaji kupumzika.

Nikafungua daftari. Nikaandika saa, mahali, amekohoa mara ngapi. Akicheza uani: hakuna. Akilala: hakuna. Akikimbia: hakuna. Mlango wa jikoni, asubuhi: mbili. Mlango wa jikoni, mchana: mbili. Mlango wa jikoni, jioni: mbili. Kurasa nne nzima, na mimi mtu wa maabara niko pale pale nimejaza safu zangu na sioni kitu. Nikadhani ni moshi wa jikoni, nikabadilisha mkaa kwa gesi. Kila akikohoa pale mlangoni namrukia na kijiko cha dawa. Yeye ananiangalia kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize upuuzi wake, halafu anageuza uso ukutani, anangoja. Nikimshika mkono kumwingiza ndani anakasirika, analia.

Majuma mawili yaliyopita tukaenda Idodi kumuaga baba yangu, maana mwezi ujao tunarudi Ujerumani. Baba alimpokea mjukuu wake kwa furaha zote. Ambakisye akaanza kumhesabia mtoto vidole kwa Kijerumani mbele yake, mzee akatikisa kichwa. "Sisi Wahehe tulipigana na hawa watu mpaka porini. Leo wamenifuata mpaka kwenye mkeka wangu, tena kwa mdomo wa mkwe." Alicheka sana, lakini nilimwona anavyomwangalia Tumpe aliyekaa kimya. Akamsalimia, "Kamwene," akakumbuka sheria yangu, akafunga mdomo mwenyewe kwa kiganja. Iliniuma. Nikakufikiria wewe, baba wa watu uliyesema sawa.

Kesho yake niko jiko la nje, joto la Idodi unalisikia tu, nimeinamia sufuria ya ugali, moshi machoni, mgongo mlangoni. Nikasikia: kho, kho. Mara mbili. Taratibu.

Sikufikiri. Mwiko ulianguka, mimi huyo nyuma ya mlango, khanga juu ya kichwa, pumzi nimeibana. Baba yangu aliyekuwa kivulini anakata kamba akaniona, akapaza sauti, "Wewe, unamkimbia nani? Huku kwetu hakuna mkwe!"

Aliyeingia ni Tumpe. Mikono nyuma, kama wewe, jinsi Sekela alivyokuwa anasimulia, uso ameugeuzia ukutani, anapita polepole. Alipofika usawa wa mlango niliojificha nyuma yake akasimama. Akasema, "Ndaga."

Akaendelea mpaka kwenye kigoda, akakaa.

Mimi Mhehe, lakini hilo moja la Kinyakyusa nalijua, Mbeya nzima wanalijua. Ni asante. Neno lake la kwanza baada ya karibu mwaka mzima, na si langu wala la baba yake. Nilitoka nyuma ya mlango. Ugali uliungua, tulikula hivyo hivyo.

Nikampigia Sekela hapo hapo. Nilianza kwa ukali, ndivyo nilivyo. Nikamwambia mzee alivunja amri, alikuwa anamfundisha mtoto Kinyakyusa kwa siri. Sekela akacheka ile ya kwenye pua. "Hukumjua baba wewe. Hakumwambia mtoto hata neno moja tangu siku ile. Walikuwa wanatembea tu uani wameshikana vidole. Wakifika kona ya tangi baba anakohoa, na Tumpe anakohoa, wanasubiri mlango wa stoo ulie, ndiyo wanaingia. Nilimwambia baba, mbona unamfundisha mtoto kukohoa? Akaniambia, 'Nimekatazwa kuongea, sijakatazwa kukohoa.'"

Nikamuuliza, na ndaga je?

"Hiyo alikuwa anakwambia wewe," Sekela akasema. "Kila akipita pale stoo anasimama anasema ndaga kwa kumpisha, ndaga kwa chakula. Kila siku. Ina maana hukuwa unasikia?"

Sikuwa nasikia. Nilikuwa nabana pumzi na kuhesabu buti. Mara mbili kwa siku, miezi tisa, ulisimama mbele ya ubao wa mlango ule ukanishukuru, na mimi nilikuwa upande wa pili nakuona umenuna. Hukuivunja amri yangu. Mtoto hukumwambia kitu. Uliniambia mimi, na yeye alikuwa amekushika kidole tu, anasikiliza.

Na mimi namnywesha dawa. Loh! Chupa tatu. Mtoto anapiga hodi kwa adabu zote alizofundishwa na babu yake, mama yake anamjibu kwa kijiko.

Sasa nikwambie ya huku. Tumpe anasema. Si kama redio, lakini anasema. "Maji." "Paka." "Sitaki," na hiyo ndiyo anaipenda kuliko zote. Babu yake wa Idodi alipata kamwene yake kabla hatujaondoka, akaizungushia kijiji kizima. Jana kamwambia baba yake jambo refu kwa Kijerumani, na mwisho wake kaweka "bwana," Ambakisye akaja mbio kuniita. Sitaki kujidanganya. Labda angesema tu wiki ile ile, kupisha kwangu kuwe na maana ama kusiwe na maana. Maabara ilinifundisha kwamba kitu kikitokea mara moja hujakijua bado. Lakini nilirudia. Kila akikohoa mlangoni nilipisha, na kila nilipopisha alisema ndaga, na siku ya nne akaongeza, "Ndaga, mama." Hilo la pili hukumfundisha wewe. Kaliongeza mwenyewe.

Karatasi ya kwenye friji nimeibandua. Gundi imeacha alama, na friji ni ya mwenye nyumba, atasema. Sekela nimemwambia amsemeshe mtoto chochote anachotaka, na tangu hapo hanyamazi, anafidia. Nimemwomba anifundishe na mimi. Anasema Kinyakyusa changu kinanuka Kihehe.

Nisamehe. Neno hilo nimelizunguka barua nzima, sasa nimelifikia. Nilikunyang'anya sauti yako miezi yako ya mwisho, na ulikuwa na mambo ya kumsimulia yule mtoto ambayo sasa hayajui mtu. Niliogopa. Mama akiogopa anapiga kila kilicho karibu, na karibu ulikuwa wewe. Zaidi ya ndaga hungeweza hata kunijibu, maana adabu ile ile iliyonifunga mimi ilikufunga na wewe. Najuta. Ningekuwa na siku moja ya kurudisha, ningeketi stoo mlango wazi kidogo, nisikilize mnachekea nini.

Mwezi ujao tunarudi kule. Nakuahidi Tumpe hataacha kukohoa mlangoni. Walimu wa shule ya watoto watampa barua, najua, watasema mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Nitakwenda mwenyewe niwaeleze, kwa Kijerumani changu kibovu, kwamba hana mafua, anaomba njia kwa wakubwa, na wampishe. Sekela atampigia kila Jumapili. Na jina lake la tatu, akikua akaniuliza linatoka kwa nani, nitamwambia aliseme yeye, kwa sauti, mimi nitakuwa nasikiliza.

Jumamosi tunakuja Rungwe kukuaga. Barua hii nitakuja nayo, niizike pale pembeni ya mgomba. Tumpe atatangulia, unajua tabia yake. Ukisikia kikohozi kidogo kinakuja kwenye njia ya migomba, na nyuma yake kikohozi cha mtu mzima, mara mbili, taratibu, ujue ni mimi.

Usipishe, baba. Safari hii na mimi sipishi.

Ndaga.

Yustina